Shahidi wa Picha

Mtaro ulikuwa umeziba tena. Mama Pacha alipiga magoti, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akaanza kuvuta nje mabango ya kampeni yaliyolowa, sura za wagombea vipande vipande: jicho la huyu, tabasamu la yule, vyote vimegandamana na taka za mtaa mzima. Glavu walizoahidiwa wafagiaji mwaka jana hazikuwa zimefika. Tangu kampeni zianze, kazi ilikuwa mara mbili, ujira ule ule, na kila mtu alimtazama mwenzake kwa pembe ya jicho.

Kipande chake cha barabara kiliishia kwenye ukuta wa ghala kuukuu. Kijana mmoja mchoraji, aliyeitwa Brashi, alikuwa ameujaza ukuta ule picha moja kubwa: mwanamke ameinama na beseni, ndege wanakunywa maji humo, na mmoja, mtundu, amemkalia kisogoni. Kila siku Mama Pacha aliegemea fagio akaangalia. Yule mtundu alimchekesha. Akamsahaulisha mgongo.

"Nina nyingine kwenye jumba la sanaa, mtaa wa pili," Brashi alimwambia siku moja. "Njoo uzione, mama. Kuingia ni bure."

"Hivi nilivyo?"

"Kwani picha ndizo zitakazokuangalia?"

Alicheka mpaka akakohoa. Hakwenda.

Jumatatu, mtu wa koti la kijivu akasimama kando yake. Hakumsikia akija.

"Nzuri, eh?"

"Nzuri, baba."

"Nakuona hapa kila siku. Dakika kumi, kumi na tano."

"Napumzika tu. Naendelea na kazi sasa hivi."

"Tulia, mama. Hata mimi napenda picha. Wale ndege wako wangapi?"

Angeweza kusema hajui. Lakini maisha yake yote hakuna aliyewahi kumuuliza jambo analolijua vizuri namna ile.

"Wanane," akajibu bila hata kugeuka. "Saba kwenye beseni, mmoja kisogoni. Huyo ndiye mkubwa wao."

"Mkubwa wao." Mtu wa koti akaandika. "Mgombea wa upinzani ni namba ngapi kwenye karatasi ya kura?"

Mama Pacha akageuka kuutazama ukuta. Namba nane.

"Mimi sikusema hivyo, baba."

"Umesema wanane, na mmoja mkubwa wao. Na mama aliyeinama ni nani? Nchi?"

"Ni mama tu. Ana beseni."

Ofisini walikokwenda kulikuwa na viti viwili, lakini hakuambiwa akae. Alisomewa karatasi haraka haraka, maneno marefu, jina la Brashi likijitokeza humo mara tatu.

"Mbona Brashi yumo? Mimi nilihesabu ndege tu."

"Pacha wako wanatoka shule saa ngapi?" aliuliza mtu wa koti, akimpa kalamu.

Hakuwa amemwambia kwamba wanasoma. Akaweka sahihi.

Kesho yake Brashi alichukuliwa mchana kweupe, na ukuta ukapakwa chokaa. Siku ya tatu, muuza chai wa pale ghalani, aliyezoea kumkaribisha Mama Pacha kwa sauti, alipomwona akija aliulaza chini ubao wa kukalia wateja.

"Nafasi zimejaa, shoga."

Hapakuwa na mteja hata mmoja.

Ijumaa mtu wa koti alimfuata na gari. "Mama, una macho wewe. Wengine wanapita tu." Akamfungulia mlango.

Jumba la sanaa lilikuwa na ubaridi mzuri, na rangi za kila namna kutoka sakafuni hadi darini. Watu watano au sita walikuwa wakiangalia na kunong'onezana. Walipowaona wawili hao wakaacha, wakatoka mmoja mmoja. Mlinzi akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Walisimama mbele ya picha ya kwanza. Mama Pacha hakuwa ameona kitu kizuri kama kile tangu azaliwe.

"Haya, anza," alisema mtu wa koti. "Unaona nini?"

"Sioni vizuri, baba. Macho yamechoka."

Mtu wa koti hakukasirika. Alivua miwani yake, akaipangusa kwa ncha ya shati, kisha akamvisha taratibu, akiiweka sawa nyuma ya masikio yake kama mtoto anayemhudumia mama yake.

"Sasa?" akauliza, akifungua daftari.