Mpango wa Miaka Kumi

Mwaka 1998 baraza la mtaa wetu, Kanyosha, liliniita niwaandikie mpango wa miaka kumi. Niliandika yote waliyotaka: mabomba ya maji, shule ya madarasa sita, miti kando ya barabara. Lakini hasira ilikuwa imenishika tangu nilipoingia mkutanoni, kwa sababu chini ya kila kiti niliona begi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilitufundisha hivyo: mtu hatoki nyumbani bila begi la kukimbia nalo, lenye blanketi, vitambulisho na picha za watu wake.

Mwishowe nilishindwa kunyamaza. "Wakubwa, munapanga miaka kumi na mabegi iko chini ya viti? Nani atabakia hapa kupanda iyo miti?"

Mwenyekiti wetu, Mama Scholastique, alitia sahihi kwenye mpango, akapiga muhuri, kisha akavuta begi lake. Lilikuwa limejaa. Akatoa blanketi, akaliweka mezani, na mahali pake akaulaza ule mpango, juu ya picha za watoto wake.

"Blanketi nitaomba kwa watu," akaniambia. "Hii, apana."