Ng'ombe Wanaofuata Donati

Uvumi wenyewe Mei-chu aliusikia kiwandani, kwenye meza ya kukunjia taulo, Jumanne saa nne asubuhi: kwamba kila anayenunua donati kwa Shangazi Kuei, pale mlangoni pa hekalu, hufuatwa na ng'ombe mpaka kwake.

"Ng'ombe mzima?" aliuliza mmoja.

"Sasa nusu atatembeaje?" akajibu Pi-yun, aliyeleta habari. "Juzi shemeji yangu kapanda naye basi. Dereva kamwambia ng'ombe aingie mlango wa nyuma."

Wakacheka kidogo, wakaendelea kukunja. Mei-chu hakucheka. Alikosea kukunja mara tatu mpaka msimamizi akamwuliza kama anaumwa. Wenzake waliichukulia kuwa habari ya barabarani, ya kinyesi na msongamano. Yeye alikuwa na binti wa miaka sita, Yi-an, ambaye kijiko kimoja cha maziwa kingeweza kumfunga koo.

Hilo alilijua tangu mtoto ana mwaka mmoja na nusu, kwa biskuti moja tu. Tangu siku hiyo alisoma nyuma ya kila pakiti. Shule aliishia ya msingi, na maandishi ya nyuma ya pakiti ni madogo kuliko ya kitabuni, lakini alisoma. Alisoma amesimama dukani huku watu wakimpita na vikapu vyao, na nyumbani aliandika kwa kalamu nyekundu juu ya kila kopo: Yi-an asile, au Yi-an ale. Alikuwa amechoka uchovu ambao usingizi hauuondoi.

Donati za Shangazi Kuei hazina pakiti. Zina ubao wa njano ulioandikwa kwamba ni chakula cha mfungo, na mjini hapo ubao huo ukishawekwa hakuna anayeuliza zaidi. Siku ya kwanza na ya kumi na tano ya mwezi mwandamo watu hawali nyama wala samaki, wala kitunguu maji wala kitunguu saumu. Maziwa hayamo katika makatazo. Mayai, kwa wengi, hayamo pia. Lakini chakula hicho watu wamezoea kukiita safi, na mtu akishazoea kula kilicho safi hasumbuki tena kujua kimesafishwa nini.

Mwaka ule mama mkwe wake, Bibi A-luan, alikuwa ameweka nadhiri hekaluni: yeye na mjukuu wake hawatakula nyama siku hizo mbili, ili mtoto apate afya. Mei-chu hakupinga. Utampingaje mama mkwe anayemwombea mtoto wako?

Alhamisi ilikuwa siku ya kumi na tano. Mchana aliomba ruhusa ya saa moja, akaenda hekaluni kwa pikipiki yake.

Foleni ilifika mpaka kwenye duka la ubani. Shangazi Kuei alikuwa akizigeuza donati kwa vijiti virefu, anaziopoa, anazigaragaza kwenye beseni la unga mweupe. Nyuma ya kibanda walisimama ng'ombe kumi na wawili, weusi kwa weupe, wametulia, kila mmoja na kuku mgongoni. Mteja alipopokea donati yake, ng'ombe mmoja alijitenga na wenzake, akamfuata. Askari wa barabarani aliwaelekeza wapite kulia. Mtawa mmoja wa kike, asiyekula chochote kitokacho kwa mnyama, alinunua moja, akageuka, akamtazama ng'ombe, akamtazama na kuku. Akairudisha donati mezani. Ng'ombe naye akarudi mahali pake.

"Anayefuata!" alisema Shangazi Kuei.

"Shangazi, hizi zina maziwa?" aliuliza Mei-chu.

"Za mfungo hizo, Mama Yi-an."

"Sijauliza mfungo. Nauliza maziwa."

"Si ubao huo hapo? Au husomi?" Walio nyuma wakaguna. "Unga unakuja tayari kwenye gunia, mimi natia maji tu. Haya, maji yana nini?"

"Na huo mweupe wa juu?"

"Sukari."

"Sukari tupu?"

"Sukari ya donati! Nayo ina gunia lake. Wewe Mama Yi-an, maswali yako kama ya mtu wa kodi."

Ng'ombe wa karibu aliweka kidevu mezani, akahema. Unga mweupe ukaruka kidogo.

"Na hawa ng'ombe je?"

"Hao wanafuata wateja," alisema Shangazi Kuei, na sauti yake nayo ilikuwa imechoka, kwani alikuwa amesimama tangu alfajiri. "Mimi sikuwaita. Unanunua au unazuia watu? Halafu mama mkwe wako kishanunua mbili, hata saa haijapita. Kaniuliza mara mbili kama ni za mfungo. Yule bibi ni mwangalifu."

Mei-chu aliondoka bila kuvaa kofia ya pikipiki.

Darasa la kwanza hutoka saa sita, kwa hiyo mtoto alikuwa nyumbani. Wanakaa ghorofa ya nne, jengo halina lifti. Ng'ombe wawili aliwakuta baada ya ghorofa ya pili, bado wanapanda, mmoja nyuma ya mwenzake, wanapima kila ngazi kwa ukwato kabla ya kuikanyaga. Hapakuwa na nafasi ya kupita. Wa kwanza alimpita kwa kubanana na ukuta, wa pili kwa kutambaa chini ya tumbo.

Yi-an alikuwa amekaa mezani, midomo imevimba, anajikuna shingo.

"Mama, koo linawasha," alisema. Sauti ilitoka nyembamba.

"Ameanza sasa hivi," alisema Bibi A-luan, ameshika bilauri ya maji. "Lakini ni za mfungo. Nilimwuliza mara mbili."

Mei-chu alichukua sindano ya dharura kwenye mfuko uliotundikwa kando ya jokofu, akamchoma mtoto pajani, juu ya sare ya shule, akaishikilia kama alivyofundishwa. Bibi akapiga simu.

Gari la wagonjwa lilikwenda mbio. Ng'ombe walifika hospitali saa moja na nusu baadaye, na muuguzi akaomba wafungwe penye baiskeli, maana wodini kulikuwa na wagonjwa wengine. Jioni Yi-an alivuliwa kinyago cha hewa, akaomba uji wa wali. Ng'ombe walikaa siku mbili, kisha wakaondoka.

Bibi A-luan muda wote huo hakuonja kitu.

"Nilikuwa namwombea," alisema.

"Najua, Mama," alisema Mei-chu.

Wiki iliyofuata alikwenda kwa kamati ya hekalu. Mwenyekiti, Mzee Hung, alimkaribisha vizuri, akammenyea chungwa.

"Ubao haukudanganya, dada. Kuna nyama mle?"

"Hakuna. Kuna maziwa."

"Kuna kitunguu?"

"Kuna maziwa, Mzee."

"Mfungo haukatazi maziwa. Tukianza kuandika kila kitu, ubao utalizidi hekalu. Ila hili la ng'ombe umefanya vyema kulileta. Limetusumbua."

Kamati ikapitisha uamuzi siku ileile. Ukutani zikapigiliwa pete kumi na mbili za chuma za kufungia ng'ombe, na likawekwa hori la maji. Ubao wa njano ukapakwa rangi upya, maneno yaleyale, herufi kubwa zaidi. Foleni sasa hupita kushoto.

Kwa wenye watoto kama Yi-an, ya kuepuka ni haya:

Donati isiyo na pakiti, hata auzaye ni jirani yako.

Unga mweupe wa juu, hata ukiitwa sukari. Mara nyingi huchanganywa na maziwa ya unga.

Unga wa gunia ambao hujausoma nyuma. Humo hukaa maziwa, mayai na siagi, vyote vikavu, havionekani.

Mafuta yaliyokwisha kukaanga donati nyingine.

Kumwambia bibi "asile vibaya". Mwambie: maziwa.

Kuuliza kama ni ya mfungo. Uliza maziwa kwa jina lake, mayai kwa jina lake, na asiyejua usinunue kwake.

Kumngoja ng'ombe. Ng'ombe hutembea polepole.