Faili Linakwenda Lushoto

“Lete kitabu,” alisema hakimu, na Saidi Shemdoe akainuka kwenye kigoda chake.

Alikwenda kabatini akakitoa kitabu cha kupokelea hati, kile chenye jalada la kitambaa cheusi lililochakaa pembeni. Alikuwa tarishi wa mahakama hii ya Kwemkulo kwa miaka kumi na tisa, tangu ilipokuwa baraza la zumbe, mtawala wa jadi, mpaka ilipopata uhuru wake pamoja na nchi na kuitwa Mahakama ya Mwanzo. Kila samansi iliyotoka hapa ilipita mikononi mwake, ikapanda vilima mgongoni mwake, na kila aliyeipokea alitia sahihi au dole gumba ndani ya kitabu hiki.

Alikiweka mezani kimefunguliwa pale penyewe. Hakuhitaji kutafuta ukurasa.

Ukumbini watu walikuwa wamejaa kuliko kawaida, wengi wao wanawake wa bondeni, kanga zao zikitoa harufu ya moshi na umande. Aliyewaleta ni Efrazia, mjane aliyeketi peke yake kwenye benchi la mdai. Alikuwa amemshtaki Abrahamu, mfanyabiashara mwenye lori. Waliandikiana mkataba: Efrazia hatauza kabichi zake kwa mtu mwingine yeyote, na Abrahamu atazichukua kila Jumanne. Jumanne zikaja, lori halikuja. Abrahamu alituma salamu kwamba giaboksi imekufa, lori limelala gereji Mombo, wasubiri. Efrazia akasubiri, akawafukuza wanunuzi wengine kwa kuwa alikwishaweka sahihi, na kabichi zikapasuka vichwa zikaozea shambani; hata alipofungua kesi, salamu zilikuwa zile zile, lori bado liko Mombo. Sasa alitaka mawili: alipwe zilizooza, na mkataba uvunjwe. Wanawake wale wengine nao walikuwa na mikataba ya aina hiyo hiyo. Ndiyo maana walikuja.

Lakini kesi yenyewe ilikuwa haijaanza. Abrahamu alikuwa ameleta ombi kwamba isisikilizwe hapa, ihamishiwe Mahakama ya Wilaya, Lushoto. Kila mtu alielewa sababu. Hapa wakili haruhusiwi kusimama, mtu hujisemea mwenyewe kwa Kiswahili chake. Kule wakili anasimama, na Abrahamu alikwisha kumpata mmoja wa Tanga, mwenye Kiingereza cha kutisha.

“Ombi hili lina muda wake,” alisema Hakimu Nikodemo, akisogeza miwani. “Kama mdaiwa alipokea samansi tarehe tatu, amechelewa, na kesi tunaisikiliza hapa hapa. Kama aliipokea tarehe kumi na tisa, hajachelewa, na sina budi kulipeleka faili wilayani. Bwana Abrahamu?”

Abrahamu alisimama. Alikuwa mtu mpole wa sauti, mwenye koti la kijivu lililopigwa pasi vizuri. “Mheshimiwa, tarehe tatu sikuwepo. Nilikuwa nimepeleka mbao za Shume Dar es Salaam, kwa lori langu mwenyewe. Nimerudi tarehe kumi na tisa, nikaikuta samansi juu ya kabati. Niko tayari kuapa.”

Aliapa, na hakimu akaandika maneno yake yote, polepole, kama alivyoandika kila kitu. Kisha akakiinamia kitabu.

“Hapa pameandikwa: tarehe tatu, amepokea mwenyewe. Na dole gumba lipo.”

“Mimi naweka sahihi, Mheshimiwa. Sijaweka dole tangu nitoke shule.”

“Mtu mwenye haraka anaweza kuweka dole,” alijibu hakimu. Halafu akamgeukia Saidi, lakini macho yake aliyaacha kwenye karatasi. “Mzee Saidi. Kitabu hiki ni chako. Niambie tu kama kiko sawa.”

Ilikuwa rahisi hivyo. Kusema ndiyo, na kurudi kukaa kwenye kigoda karibu na mlango.

Saidi aliiona tena siku ile. Mvua ya kilimani, ile nyembamba isiyokatika, na goti lake la kushoto lililokuwa limevimba. Alifika kwa Abrahamu akamkuta mkewe, Marta, jikoni, mtoto mgongoni na unga vidoleni. Bwana hayupo. Utaratibu ulikuwa wazi: arudi na samansi yake, apande tena siku nyingine. Aliutazama mlima aliotoka kuupanda. Akamwambia Marta afute unga, akamshika kidole, akakipaka wino, akakikandamiza kitabuni. Njiani, chini ya mgomba, akaandika: amepokea mwenyewe.

Efrazia alikuwa akimtazama. Hakimu alikuwa akisubiri.

“Hakiko sawa, Mheshimiwa,” alisema Saidi. “Dole hili ni la mkewe, Marta. Bwana mwenyewe sikumkuta. Niliandika uongo.”

Ukumbini kukawa na mnong’ono, na mwanamke mmoja nyuma akasonya kwa nguvu. Hakimu alivua miwani, akaifuta kwa kitambaa, akaivaa tena.

“Unajua ulichokisema?”

“Najua.”

“Basi,” alisema hakimu baada ya kuandika. “Kesho asubuhi utalipeleka faili Lushoto. Nitaandika na barua juu yako. Utaipeleka wewe mwenyewe, kwa kuwa sina tarishi mwingine.”

Jioni hiyo Tatu, mkewe, alikuwa amekwisha kusikia. Alimenya viazi bila kuinua uso. Alipozungumza, alitumia Kishambaa, kama walivyozoea wakiwa wawili, akamuuliza kama kweli goti moja linatosha kumfukuzisha mtu kazi. Saidi alisema hajui.

“Na Efrazia? Unajua atasimamaje mbele ya huyo wakili?”

“Sijui hilo pia.”

Tatu alitupa kiazi sufuriani, maji yakaruka. “Kula,” alisema baadaye, na sauti yake ilikuwa imelainika. “Kesho una njia ndefu.”

Ukungu ulikuwa bado umelala kwenye migomba Saidi alipoianza safari, faili likiwa kwenye mkoba wa ngozi, bahasha mbili zikiwa zimepigwa lakiri nyekundu. Njia panda alimkuta Efrazia, viatu mkononi. Naye alikuwa anakwenda Lushoto kuulizia siku ya kusikilizwa. Alimtazama, akageuka, akatangulia. Hakusema shikamoo. Mwanamke aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka kumi na mitano, aliyemwamkia kila walipokutana tangu akiwa msichana, alipita kama anayepita mti.

Walitembea hivyo, yeye mbele na Saidi hatua thelathini nyuma, wakaingia msitu wa Magamba. Mbega walirukaruka juu ya miti ya mikulo, matone yakawadondokea mabegani. Kwenye kijito Efrazia alisimama kunywa maji. Saidi naye akasimama, kwa mbali, akaegemea fimbo yake.

“Ungeweza kunyamaza,” alisema Efrazia bila kugeuka.

“Ningeweza.”

“Hakimu alikufungulia mlango mpana. Hata mimi niliuona.”

“Niliuona.”

“Kwa nini basi?”

Saidi alikaa juu ya jiwe, akanyoosha goti. “Unamkumbuka Mika, aliyekuwa na shamba kule juu ya kanisa? Alisema hakupata samansi. Kitabu kikasema alipata. Kesi ikaamuliwa hayupo, shamba likaenda kwa mwingine. Mstari ule niliuandika mimi, na ulikuwa wa kweli. Mika amekufa ananiita mwongo.” Aliugusa mkoba. “Jana ningesema ndiyo, mama, nisingejua tena ni yupi kati yetu aliyekuwa mwongo.”

Efrazia alijifuta mdomo kwa ncha ya kanga. Maji yalipita kati yao yakigonga mawe. Alipozungumza tena alikuwa amekunja uso, si kwa hasira, bali kama mtu anayetafuta kitu gizani kwa mikono.

“Abrahamu alisema alikwenda Dar na nini?”

“Na mbao.”

“Mbao zilibebwa na nini?”

Saidi alimtazama.

“Mwezi ule ule,” alisema Efrazia. “Mwezi ambao giaboksi imekufa, lori limelala Mombo. Ulimsikia?”

“Mimi ni mtu wa mahakama, mama. Siruhusiwi kumshauri mdai.”

“Sikukuomba ushauri. Nimekuuliza kama ulisikia.”

“Nilisikia,” alisema Saidi. “Na hakimu aliandika.”

Efrazia aliutazama ule mkoba kwa muda mrefu. Kisha akavaa viatu vyake, ingawa matope yalikuwa bado mbele, akasema kwa sauti ndogo, “Shikamoo, Mzee Saidi.”

“Marahaba, mwanangu. Twende.”

Mahakamani Lushoto karani alivunja lakiri, akaweka sahihi kwamba faili limefika, kisha akafungua bahasha ya pili na kuisoma barua. Aliinua macho akamwangalia aliyeileta. “Ni wewe?” Saidi akasema ni yeye. Karani akaikunja barua taratibu kuliko alivyoikunjua.

Kesi ilisikilizwa baada ya wiki saba. Saidi, aliyekwisha kusimamishwa kazi, alikwenda kama mtu yeyote, akakaa nyuma kabisa. Wakili wa Tanga alisimama katika joho lake jeusi akazungumza Kiingereza kirefu, na mkalimani akakifupisha: lori liliharibika, tangu kabla ya kesi mpaka mwisho wa mwezi ule wa samansi lilikuwa Mombo, na mtu hawezi kulaumiwa kwa chuma kilichovunjika. Abrahamu alirudia hayo hayo kwa kiapo. Alipoulizwa kama ana swali kwa mdaiwa, Efrazia alisimama, mikono ameificha ndani ya kanga.

“Bwana Abrahamu, lori lilikuwa limekufa Mombo. Mbao za Shume ulizipelekaje Dar es Salaam?”

Wakili alitaka kusimama. Hakimu wa wilaya, kijana mwembamba aliyekuwa kimya tangu asubuhi, aliinua mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akaanza kufunua faili kurudi nyuma, ukurasa kwa ukurasa, mpaka akafika kwenye mwandiko wa taratibu wa Hakimu Nikodemo. Alisoma. Akasoma tena. Kisha akasema, kwa Kiswahili, “Jibu swali la mama.”

Abrahamu alimgeukia wakili wake. Hukumu ilitoka Ijumaa ya wiki ile: mkataba ulivunjwa na Abrahamu, Efrazia yuko huru kuuza anakotaka, na kabichi zilizooza ni deni la aliyezifanya zingoje.

Nje, Abrahamu alimkuta Saidi akishuka ngazi kwa kulihurumia goti.

“Ulinipa nilichokiomba, mzee,” alisema. Hakuonekana mwenye hasira, ila mchovu.

“Marta hajambo?”

“Hajambo.”

“Mwambie anisamehe. Nilimpaka wino bila kumweleza ni wa nini.”

Abrahamu alimwangalia, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Barua juu ya Saidi ilikuwa haijajibiwa. Wengine walisema ataachishwa kazi. Wengine walisema hakimu yule kijana ameuliza jina lake mara mbili. Mwezi wa mvua uliingia. Asubuhi moja alikuwa na Tatu kwenye matuta ya viazi, ukungu umeufunika upande wote wa pili wa bonde, wakasikia mtu akiita kutoka huko, kama Saidi alivyozoea kuita akipeleka samansi. Sauti ilikuja imekatikakatika, ikapotea, ikaja tena.

“Ni jina lako,” alisema Tatu.

Saidi alinyoosha mgongo, akaweka jembe chini. Hakumwona mtu, wala njia, ila weupe tu uliokuwa ukisogea. Akaweka viganja mdomoni, akaitika.