Chokaa ya Chumba cha Tatu

Kila asubuhi saa mbili, fundi wa chumba cha tatu cha maabara alivaa glavu, akafuta meza kwa kitambaa kibichi, kisha akaandika daftarini volti za seli ishirini na nne. Zilikuwa betri za zinki na hewa: upande mmoja bamba la zinki, upande wa pili karatasi nyeusi iliyopakwa kichocheo, katikati maji ya potashi. Zikitoa umeme huvuta hewa, zikichajiwa huitoa. Kwa hiyo chumba kilikuwa na vitu ishirini na vitano vinavyopumua, ukimhesabu na yeye.

Tatizo lilikuwa yeye. Pumzi anayoitoa mtu huharibu potashi. Chumvi nyeupe huganda kwenye vitundu vya karatasi, seli ikakosa hewa, ikafa. Dawa yake ni ndogo: ndoo ya chokaa kwenye bomba la kuingizia hewa, imeze ule uchafu wa pumzi. Fundi alikuwa amelisoma hilo mwenyewe kitabuni, akaomba chokaa mara nne kwa maandishi.

"Tutaangalia, dada," alisema mhandisi mkuu kila mara.

Badala yake alikuwa amewahamisha mafundi wenzake wawili ili pumzi zipungue, akabandika tangazo mlangoni: PUMUA KWA KIASI.

Fundi alikuwa mtu wa kufuata maelekezo. Wiki ya kwanza alipumua mara nane kwa dakika, wiki ya tatu mara mbili. Jumanne ya wiki ya sita, akiwa kwenye seli ya kumi na moja, aligundua kwamba hajavuta pumzi tangu seli ya kwanza, wala hana haja nayo. Akaandika volti, akaenda ya kumi na mbili.

Jioni mlinzi wa getini alimzuia. "Mama Betri! Leo hata salamu tunanyimwa?"

Fundi akaonyesha koo lake, akatikisa kichwa.

"Umeacha kupumua?" Mlinzi alimsogezea kitabu. "Afadhali yako. Mimi moshi wa magari naula hapa kutwa. Haya, saini."

Seli zikaacha kufa. Zilipopita mizunguko elfu moja ya kuchajiwa, mhandisi mkuu aliandika ripoti akisifu kichocheo chake cha kobalti na manganizi. Likizo ya fundi ikaahirishwa mpaka majaribio yaishe.

Maisha bila pumzi hayakumpa taabu, isipokuwa Jumapili. Saa tisa alasiri mama yake, ambaye macho yake yalikuwa yamezima, humpigia simu. Hawakuwa watu wa maneno mengi. Mama angesimulia habari za goti lake, kisha wangenyamaza, mama akisikiliza mwanawe anavyopumua. "Haya, nimekusikia," angesema, na kukata.

Sasa mama alisikia kimya. Fundi alijaribu kuvuta hewa ya chumbani kwake, ikapita tu kama upepo kwenye dirisha lisilo na kioo. Alimtumia mdogo wake ujumbe amsomee mama; mama akasema maandishi hata jirani anaweza kuandika. Jumapili ya tatu alisema kwa upole, "Wewe uliyeokota simu ya mwanangu, sikugombezi. Niambie tu yuko wapi."

Jumapili iliyofuata fundi alikwenda kazini. Saa tisa kasoro dakika mbili aliwasha chaja. Seli zote zikaanza kushusha pumzi. Aliinama juu ya seli ya kumi na moja, akaweka mdomo kwenye tundu la kifuniko, akavuta. Ilikuwa oksijeni tupu, baridi, yenye ladha ya msumari. Hii ilikaa kifuani.

Simu ikaita.

"Haloo? Nani?"

"Nipo, mama. Ni mimi."

"Mbona sauti kama ya mtu aliye kisimani? Unakula wewe?"

Pumzi iliyobaki ingetosha maneno manne au matano. Fundi hakuyasema. Alisogeza simu mdomoni akaiachia pumzi ile polepole, mpaka ikaisha.

Upande wa pili mama aliisikiliza yote.

"Haya," akasema. "Nimekusikia."

Jumatatu seli ya kumi na moja ilikuwa na utando mweupe wa ile chumvi ya pumzi, na volti zake zilikuwa zimeshuka. Fundi aliliandika hilo. Juu ya daftari palikuwa na barua ya ofisi: kwa kuwa seli zinafanya kazi vizuri bila chokaa, ombi lake limefungwa; aidha, anakumbushwa tangazo la mlangoni.

Aliitoboa barua, akaiweka kwenye faili pamoja na maombi yake manne. Kisha akazitazama seli moja baada ya nyingine. Seli moja kwa Jumapili moja. Zilibaki Jumapili ishirini na tatu.

Akavaa glavu, akaanza na ya kwanza.