Mkono wa Kulia

Kaka yake alikuwa amelala chali juu ya meza ya chakula, kifua wazi, mwili umechorwa mistari ya ile kalamu ya nta aliyozoea kuchorea vioo kabla ya kuvikata. Mstari mmoja ulifuata mtulinga, mwingine ulizunguka bega, na mingine ilishuka mkononi ikionyesha kila msuli unapoanzia na unapoishia. Mama yao alipita na sufuria ya maji, akasimama, akatazama, akatikisa kichwa.

"Mtu akiingia sasa hivi atadhani tumefiwa," alisema.

"Mama, mwanao anasomea mwili wangu," kaka akajibu bila kufumbua macho. "Akifaulu, nusu ya shahada ni yangu."

Nyumbani walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yao. Alikuwa mwaka wa tatu chuoni, akisomea fiziotherapia, ile kazi ya kuwarudishia watu miguu na mikono yao baada ya ajali, kiharusi au upasuaji. Tangu mwaka wa kwanza kaka yake, fundi wa vioo, ndiye aliyekuwa kitabu chake cha pili. Mifupa ya mgongo aliihesabu mgongoni mwake huku mwenye mgongo akilalamika kwamba vidole vya mdogo wake vina baridi ya friji.

Alasiri hiyo walikuwa wakijizoeza kupima nguvu za misuli. Mgonjwa anasukuma, mpimaji anamzuia, kisha mpimaji anatoa daraja. Sifuri ni msuli usiojongea kabisa. Tano ni msuli mzima, haushindwi hata ukizuiwa kwa nguvu. Bega likawa tano. Kiwiko, tano. Kitinda akaja kwenye kiganja cha kulia.

"Tanua vidole. Usiniache nivibane."

Akavibana. Vikabanika.

Alidhani amekosea kushika. Akarudia, safari hii akitumia kidole chake kimoja tu dhidi ya kidole cha shahada cha kaka yake, na kidole cha mtu aliyebeba vioo vya madukani tangu ujana wake kikarudi nyuma polepole, kama mlango usio na kitasa. Ndipo alipotazama. Kati ya gumba na kidole cha shahada, mahali ambapo nyama hutuna, palikuwa na bonde. Na ndani ya bonde hilo, chini ya ngozi, kitu kilikuwa kikicheza: mtukutiko mdogo, ukakoma, ukaanza tena pembeni yake. Kaka hakuwa akiuchezesha. Alikuwa amelala tu, macho amefumba, akitabasamu.

Kitinda akauachia ule mkono.

"Vipi?" kaka akauliza.

"Tano," alisema. "Shuka, mama anataka meza yake."

*

Muhula ule ule walikuwa wakifundishwa magonjwa ya mishipa ya fahamu. Mhadhiri wa somo hilo, mzee mcheshi aliyependa kufundisha akiwa amekalia dawati, aliwaonya mapema kwamba kila mwaka kuna wanafunzi wanaomjia ofisini machozi yakiwatoka, kila mmoja akiwa na hakika kwamba anao ugonjwa wa sura waliyoisoma wiki hiyo. Darasa lilicheka. Kitinda sasa aliyashika maneno hayo kama mtu aliyeanguka mtoni anavyoshika nyasi za ukingoni. Hofu tu, alijiambia. Nimesoma mno, nimelala kidogo, nimeona nisichokiona.

Lakini macho yakishafunguliwa hayafumbiki. Alianza kumvizia kaka yake mezani kama mgambo. Alimwona akiinua kikombe kwa mikono miwili, huku akijitia kupasha viganja joto. Alimwona akihamishia ufunguo mkono wa kushoto mbele ya kufuli. Kila kitu kidogo kilikuwa na sababu yake nzuri, na kaka alikuwa mwepesi wa kuitoa hata kabla hajaulizwa. Hilo lilimtisha Kitinda kuliko kikombe chenyewe.

Siku moja akitoka chuoni alipitia karakana. Kaka na mwenzake walikuwa wakishusha kioo cha dirisha la duka, kirefu kuliko mtu, kutoka kwenye rafu kwenda kwenye meza ya kukatia. Kitinda alisimama mlangoni, hakuwaita. Ukimwita aliyebeba kioo unamgeuza shingo. Walikuja hatua kwa hatua, mwanga ukiteleza juu ya kioo. Kisha pembe ya upande wa kaka ikashuka. Haikuanguka. Ilishuka tu, taratibu, mkono wake wa kulia ukifunguka kana kwamba umechoka kusikia amri, na ncha ya kioo ikatua juu ya paja lake, ikakaa pale, juu ya kitambaa cha suruali, ikitetema.

Kaka akapitisha mkono wa kushoto chini ya kioo, akakiinua, wakakifikisha mezani.

"Nini tena?" mwenzake aliuliza, uso umemparama.

"Glavu imelowa jasho."

Akaivua na kuitupa kwenye benchi karibu na mlango, akaenda kunywa maji. Kitinda aliiokota. Ilikuwa kavu kabisa.

Usiku huo na siku zilizofuata alikuwa na sentensi moja kinywani, na kila alipofungua mdomo aliimeza. Angemwambia nini? Kwamba kitabu kina majina kadhaa ya kitu kama hiki, mengine ya kutibika na moja la kutisha, na kwamba yeye hawezi kujua ni lipi? Kwa kaka yake mkono wa kulia ulikuwa kazi, ulikuwa jina lake mtaani. Na mama, aliyemzika mumewe akiwa bado kijana, alikuwa ameegemeza uzee wake wote kwenye bega lile lile lililochorwa mistari. Kitinda alihisi kwamba maneno yenyewe ndiyo yatakayouleta ugonjwa. Kwamba maadamu hayajasemwa, mkono bado ni mzima. Alijua huo ni upuuzi. Aliufuata hata hivyo.

*

Kisha ukaja mtihani wa vitendo. Kila mwanafunzi alitakiwa aje na mtu wake mzima wa afya wa kupimwa mbele ya mtahini, na Kitinda alikuwa amemwandikisha kaka yake zamani, kabla ya alasiri ile.

"Nimepata mtu mwingine," alimwambia jikoni. "Jirani wa mwenzangu. Wewe una kazi nyingi."

Kaka aliacha kumenya viazi. Alikuwa akimenya kwa mkono wa kushoto, vibaya, akipoteza nusu ya kiazi.

"Nimeshaomba ruhusa karakana. Nitakuja."

"Kaka, si lazima."

"Nitakuja," alirudia, na hakukuwa na mzaha katika sauti yake.

Chumba cha mtihani kilinuka spiriti na shuka zilizofuliwa. Palikuwa na kitanda cha uchunguzi, stuli, na mtahini aliyetoka chuo kingine, mama mfupi mwenye nywele za kijivu alizozikata karibu na ngozi. Alimsalimu kaka kwa kumshika mkono, akaketi, akafungua kalamu.

"Pima nguvu za mkono wa kulia, kutoka begani hadi vidoleni," alimwambia Kitinda. "Taja kila daraja kwa sauti. Usinieleze unachojua, nieleze unachokikuta."

Alianza begani, na mikono yake, iliyokwisha kufanya jambo hili mara chungu nzima, ilijiendea yenyewe. Tano. Kiwiko kukunja, tano, kunyoosha, tano. Kifundo cha mkono... akasita, akasema tano, na ilikuwa kweli, ingawa kwa shida. Vilibaki vidole. Neno moja tu, tano, nao watatoka nje, watakula, watarudi nyumbani. Mtahini hakuwa na sababu ya kushuku. Mbele yake alilala mwanamume mwenye kifua cha kubeba milango.

"Tanua vidole," alisema. "Usiniache nivibane."

Alipoinua macho alimkuta kaka yake anamtazama. Siku zote akipimwa hufumba macho na kuropoka. Sasa alikuwa kimya, ameyafumbua, na katika macho hayo Kitinda aliona kitu alichokuwa akikificha machoni mwake mwenyewe kwa majuma.

Akavibana vidole. Vilirudi upesi kuliko mara ya kwanza.

"Nne," alisema. Akavibana tena. "Hapana. Tatu. Vinatanuka vyenyewe, lakini nikizuia kidogo tu vinashindwa."

Kalamu ya mtahini ikasimama. "Rudia."

Akarudia.

"Una hakika?"

"Nina hakika." Akaweka kidole chake juu ya lile bonde. "Na nyama imepungua hapa. Na inacheza. Mkono wa kushoto hauko hivi." Alitaka kuendelea kwa lugha ya darasani, lakini ikamtoka lugha nyingine. "Ni kaka yangu, mwalimu."

Mtahini aliinuka. Aliiacha kalamu juu ya stuli na kuja upande wa pili wa kitanda.

"Mwanangu, niruhusu," alimwambia kaka, akautwaa ule mkono, si kama alivyoushika wakati wa kusalimiana. Alipima vidole, akapima gumba, akautazama msuli wa mkono wa juu kwa muda mrefu bila kuugusa. Akamwomba avue viatu. Akagonga goti kwa nyundo ndogo ya mpira, na mguu ukaruka kuliko inavyopasa. Uso wake haukubadilika, na Kitinda, aliyefundishwa kwamba uso wa mtabibu haupaswi kubadilika, alitamani ubadilike.

"Ilianza lini?" mtahini aliuliza.

"Kabla ya mvua," kaka alisema.

Mvua zilikuwa zimekwisha zamani.

"Inaweza kuwa mshipa uliobanwa shingoni," mtahini alisema, akiwatazama wote wawili kwa zamu. "Hilo nimeliona mara nyingi, na lina njia zake. Inaweza kuwa jambo lingine. Leo sijui, na sitajifanya najua. Jengo la ng'ambo kuna daktari wa mishipa ya fahamu. Nampigia sasa, awaone leo leo." Akamgeukia Kitinda. "Mtihani umekwisha. Nenda naye."

*

Walikaa kwenye benchi la mbao katika ukumbi mrefu wenye harufu ya dawa ya kupigia deki. Mlango wa daktari ulikuwa umefungwa. Ndani mtu alisikika akikohoa. Kaka alikuwa ametoka na shati mabegani, hajalifunga.

"Nilikudanganya," Kitinda alisema. "Siku ile, nyumbani."

"Najua. Uliuachia mkono wangu kama umekuunguza." Alikuwa akitazama sakafu. "Mimi nilidanganya kabla yako. Sikuweza kuja hospitali nikamwambia mtu, nitazame, naogopa. Nikasema, nitakwenda kwenye mtihani wa mdogo wangu. Huko watu watanishika tu, ndiyo kazi yao, na ikiwa kuna kitu watakitaja wenyewe. Mimi sitakuwa nimeuliza."

"Na kama ningesema tano tena?"

Alifikiri kidogo. "Ningerudi kukata vioo."

Kitinda alipiga picha ya jambo hilo akilini, na hofu ikampita mwilini upya, safi, kama maji ya baridi. Haikuwa imepungua hata chembe. Alikuwa amedhani kwamba ukishasema, kitu fulani hulegea. Kilicholegea ni kwamba sasa walikuwa wawili ndani ya hofu hiyo.

"Tutamwambia nini mama?" aliuliza.

"Tuanze na huyu wa ndani."

Kaka akaanza kufunga vifungo vya shati. Kitinda alimwangalia akikiviringisha kifungo cha kwanza kati ya gumba na kidole, kikimponyoka, akikitafuta tena. Alijizuia asinyooshe mkono. Alifundishwa hivyo: mwache mgonjwa ajaribu. Kifungo kikaponyoka tena.

"Asubuhi nilijifungia chumbani kwa hili shati," kaka alisema kwa sauti ya chini. "Mama akadhani najipamba."

Akashusha mikono mapajani, akageuza kifua kuelekea kwa mdogo wake, kama mtoto anayepelekwa shule.

"Nifungie."

Kitinda alianzia chini. Vidole vyake bado vilikuwa na ile baridi ya friji, na vifungo vilikuwa vidogo, na ilimbidi aende polepole. Wote wawili walijua kwamba daktari atamwambia alivue. Alikuwa amefika kifuani mlango ulipofunguliwa na muuguzi akachungulia, akauliza ni nani aliyetumwa kutoka chumba cha mtihani.

"Ni sisi, dada," kaka alisema bila kugeuka. "Tupe dakika. Bado viwili."