Divai ya Baba, Maji ya Zabibu ya Mama

Watu wa Rangwe walipanda mahindi na miwa. Baba yangu, Mogire, alipanda zabibu. Miche ya kwanza alipewa na padri mzee aliyemwajiri kazi ya bustani kule Asumbi. Majirani walicheka mpaka wakachoka: Mkisii amehamia kwetu kuja kupanda kamba! Walipoionja divai yake walinyamaza, wengine wakaanza kupita kwetu kila jioni kutusalimia.

Nyumba yetu ilikuwa na dini mbili. Baba alikuwa Mkatoliki. Mama yangu, Bathsheba, alikuwa Msabato, tena shemasi, mtu ambaye hata majani ya chai aliyatilia shaka. Lakini mavuno yalipofika hawakugombana. Nusu ya zabibu mama aliikamua na kuichemsha siku hiyo hiyo, maji yake yakaenda kwenye Meza ya Bwana kanisani kwao, maana Wasabato hawaweki kileo mezani. Nusu nyingine baba aliiacha ichachuke kwenye mtungi wa kioo, ikatoka divai nyeupe, isiyo na sukari, yenye ukali mdogo wa kuamsha ulimi. Mama alimwoshea chupa huku ameziba pua. Jamani, nawakumbuka watu wale, moyo unauma!

Mwaka wa tisini na sita saratani ya koo ilimlaza baba. Ndege walijilia shambani bila wa kuwafukuza, tukavuna kikapu kimoja tu. Baba alisema anataka kujua divai moja zaidi imetoka vizuri, basi. Nami nilimjua mama. Kikapu ni kimoja, na Meza ya Bwana imekaribia. Nilijiandaa kuamua ugomvi.

Mama akakamua, lakini hakuwasha moto. Alileta mtungi kando ya kitanda, baba akawa ananong'ona la kufanya, naye anafanya. Kanisa lake likanunua maji ya zabibu dukani mwaka huo.

Ilipokuwa tayari, nilimlowesha baba midomo kwa kijiko. Akangoja. Dawa zilikuwa zimeua ulimi wake.

"Sisikii kitu," alisema. "Ni kama maji tu." Akalia, na sikuwahi kumwona akilia. Kisha akamgeukia mama. "Mama Nyamusi, onja uniambie iko aje."

"Nyamusi yuko hapa, aonje yeye," mama akasema, akininyooshea kidole.

"Huyu atanidanganya. Wewe hujawahi kunisifia hii kitu."

Mama akachukua gilasi, akafumba macho, akanywa.

"Iko baridi," akasema polepole. "Iko kali kidogo hapa kando ya ulimi, halafu inaisha safi. Ni nzuri, Baba Nyamusi. Ni nzuri sana."

Baba akatabasamu. Alifariki wiki hiyo.

Sabato iliyofuata mazishi, mama alisimama mbele ya kanisa, akajishtaki mwenyewe kwamba amekunywa divai na kumwambia mumewe ni nzuri. Mchungaji akamuuliza kama anatubu. Mama akafikiri, kwa kweli akafikiri.

"Ile ya kunywa, natubu," akasema. "Ile ya kumwambia, hapana."