Mikono ya Kushoto Tu

Kwenye ushirika wetu wa ushonaji wananiita Redio, na sikatai. Kila saa ya chai mimi ndiye ninayewaeleza wenzangu dunia inavyokwenda: nani anauza shaba ghafi kwa bei ya mchanga, nani anairudisha ikiwa waya kwa bei ya dhahabu, na kwa nini sisi tumekaa katikati tumeshika vikombe. Wengine husikiliza, wengine hutafuna mkate wao. Fundi Mitambo, mwanamume pekee ukumbini, huziba masikio kwa pamba ya kusafishia mashine, tena huhakikisha nimemwona.

Mwaka ule habari za dunia zilituingia mpaka kwenye cherehani. Serikali ilisema shaba yetu sasa tutaiyeyusha wenyewe. Wakubwa wakakasirika, wakatuwekea vikwazo. Magazeti yakaandika juu ya mabenki na meli, lakini juu ya sindano hakuandika mtu. Sindano ya cherehani ni kitu kidogo kuliko njiti ya kiberiti, ila hapa kwetu hatuitengenezi, na isipokuja, mashine ishirini na tatu zinageuka mapambo ya ukumbi.

Fundi Mitambo alijaribu kutengeneza kwa spoku za baiskeli. Alisugua kwa tupa siku tatu, ulimi nje. Ya kwanza ilitoboa shuka tundu la kupitisha kidole. Ya pili ilikwama kwenye mashine, tukaitoa kwa koleo. Ya tatu ilidondoka hatukuiona tena, na mpaka leo tunaketi kwa uangalifu.

Ulipofika mwezi wa nne wa vikwazo, kopo la stoo lilikuwa na sindano kumi na moja, na hospitali ilikuwa inasubiri shuka mia nne kabla ya mwisho wa mwezi. Hapo ndipo Wakala alipotokea.

Wakala ni mtoto wa hapa hapa, ameajiriwa na kampuni ya ng'ambo, na ana adabu zake. Alitusalimia mmoja mmoja, kisha akaweka sanduku dogo mezani kwa Mwenyekiti na kulifungua. Sindano zilipangwa juu ya karatasi nyeusi, mpya kabisa, zinameremeta. Ukumbi mzima ulimeza mate.

"Mama zangu, kampuni itawapa sindano, uzi, mafuta ya mashine, kila kitu," alisema. "Ninyi mtashona mikono ya mashati."

"Na mashati yenyewe?" niliuliza.

"Hapana, dada. Mikono tu, ile ya kushoto. Ya kulia inashonwa nchi nyingine, kola nchi nyingine. Kila kitu kinakwenda kuunganishwa huko kwao. Kazi inakwenda haraka namna hiyo."

"Na shuka za hospitali?"

"Mkataba unasema mashine zitafanya kazi ya kampuni peke yake."

"Na hizi sindano zimepitaje, na vikwazo vipo?"

Aliangalia viatu vyake. "Kampuni ina kibali maalumu, dada."

Hapo nilipanda juu ya kiti. Sijui kwa nini nikikasirika lazima nipande juu ya kitu. Niliwaambia nimeshona miaka kumi na tisa, sare za shule, magauni ya maharusi, suruali za wazima moto, na leo naambiwa nishone mkono mmoja mpaka nizeeke. Siku kampuni ikituacha tutamuuzia nani rundo la mikono ya kushoto? Nikasema huo ndio ubeberu wenyewe: anakufungia mlango, halafu anakuja kwa upole kukukodisha dirisha.

Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho. Mwenyekiti ni mama mkwe wangu. Kazini namwita Mwenyekiti, nyumbani namwita mama, na kote kuwili uso wake ni ule ule.

"Umesema vizuri," alisema. "Sasa shuka mia nne tutazishona kwa hotuba?"

Watu wakacheka, nikashuka. Kura ikapangwa Jumamosi asubuhi.

Wacha niseme la moyoni, maana bila hilo hadithi hii haina kichwa wala miguu. Wakati niko juu ya kile kiti nikitetea umoja wa wanyonge, nyumbani kwangu, ndani ya kopo la poda ya mtoto, nilikuwa nimeficha sindano thelathini na nne.

Utaratibu wa stoo ni kwamba ukivunja sindano unapeleka kipande, unapewa mpya. Vikwazo vilipotangazwa tu, nikagundua kwamba sindano iliyovunjika ina vipande viwili. Jumatatu unapeleka ncha, Alhamisi unapeleka ule upande mnene. Imevunjika moja, umepata mbili. Nilijiambia naweka akiba kwa ajili ya siku mbaya. Siku mbaya ya nani, sikujiuliza.

Wiki ile nilizunguka mashine kwa mashine kuomba kura za hapana. Mshona Mifuko, jirani yangu wa mashine na rafiki yangu wa kufa na kuzikana, alinishika mkono. "Redio, najua unasema kweli," aliniambia. "Lakini kweli haina tundu la kupitisha uzi. Jumamosi nitakubali huo mkataba, usinichukie." Karibu wote walinijibu hivyo hivyo, kwa maneno yao. Ijumaa nilirudi nyumbani nimenywea, nikaweka lile kopo mezani, tukatazamana.

Nilijua nikilitoa watanifukuza. Mwizi wa stoo hafukuzwi kwa barua, anafukuzwa kwa macho, na macho ya mama mkwe wangu ningekutana nayo kila asubuhi kwenye chai. Lakini nilijua pia kwamba nisipolitoa, nitashona mikono ya kushoto maisha yangu yote nikijua sababu. Nikapiga moyo konde, nikalitia kopo kwenye mkoba.

Jumamosi mkataba ulikuwa mezani, muhuri wetu wa ushirika pembeni, Wakala amepewa kiti na kikombe cha chai. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno kabla hatujanyoosha mikono. Wote wakanigeukia. Fundi Mitambo akaanza kutafuta pamba.

Nilisimama, safari hii sakafuni. "Sina hotuba," nilisema. "Mimi nimewaibia." Nikaeleza yote, ncha ya Jumatatu na upande mnene wa Alhamisi, na nikamimina kopo juu ya mkataba. Poda ikaruka, Wakala akapiga chafya. Nilikuwa naangalia vidole vyangu na kutamani ardhi ipasuke.

Wa kwanza kusikika alikuwa Mshona Mifuko. Alianza kucheka kidogo kidogo, kisha akacheka mpaka akashika meza.

"Ulianza na ncha?" aliniuliza.

"Ndiyo."

"Mimi nilikuwa naanza na mnene."

Akachukua mto wa kiti chake, akafumua mshono mmoja kwa meno, na ndani ya sponji zilikuwa zimechomekwa sindano safu kwa safu. Miezi minne alikuwa anazikalia. Hapo ukumbi ukachafuka. Mmoja alifumua pindo la sketi yake palepale. Wawili walitimua mbio kwenda makwao. Fundi Mitambo alileta kopo lake la grisi, akatumbukiza vidole, akawa anazitoa moja moja kama anayevua dagaa, akisema hizo alikuwa anazitunza tu. Hata Bibi Stoo, mwenye ufunguo, alifungua mkoba wake. "Nilijua vipande vinazidi," alisema. "Ningesemaje, na mimi nachukua?"

Kumbe kopo la stoo halikumalizwa na vikwazo peke yake. Tulisaidia, kila mtu kwa siri yake, huku tukiimba mshikamano kila saa ya chai. Niliona aibu, na niliona furaha, na siwezi kusema ipi ilitangulia.

Fundi Mitambo alizitenga zilizo butu na zilizo kali, akasema akizinoa vizuri shuka zote zitakwisha, na sare za muhula ujao pia. Wakala alikuwa amefunga sanduku lake. Aliuliza swali la haki, bila kejeli: "Na hizo zikiisha, mama zangu?"

"Zikiisha tutakuwa na shida kweli," Mwenyekiti alimjibu. "Ndiyo maana Jumatatu tunakwenda kwa washona viatu na washona mahema. Na wao ni watu, lazima wana mito ya viti."

Mkataba haukupata hata mkono mmoja. Wakala alimaliza chai yake, akatuaga mmoja mmoja kama alivyotusalimia.

Tulirudi nyumbani pamoja, mimi na mama mkwe. Yeye hakutoa sindano hata moja pale ukumbini, maana hakuwahi kuficha, na hilo lilinichoma. Tulipofika mlangoni alifungua mkoba, akanipa karatasi. Ilikuwa nakala ya pili ya mkataba. Chini kabisa palikuwa na sahihi yake, na tarehe ya Alhamisi.

"Ulikuwa umeshakubali, mama?"

"Ulibaki muhuri tu. Kura nilijua mtanipa."

"Lakini kwa nini, wakati kila siku nilikuwa nakueleza?"

"Ulikuwa unanieleza wao wana nini, mwanangu," alisema. "Meli zao, benki zao, vibali vyao. Miaka yote hiyo unanieleza ukubwa wao. Sisi tuna nini, hukuniambia hata siku moja. Mimi nikaangalia kopo, nikaona kumi na moja."

Redio ikazimika. Yeye akaichukua karatasi mkononi mwangu, akaisugua kati ya vidole viwili kama anavyopima kitambaa.

"Nzito hii," alisema. "Inatosha kukatia kiolezo cha kola. Lete mkasi."

Nikaingia ndani kuutafuta.